Fundi Taratibu na Matairi ya Dada Yake

Katika miaka ishirini na minane ya kufunga matairi, Fundi Taratibu alikuwa amewakatalia watu wengi mambo mengi. Aliwahi kumkatalia ofisa wa polisi, mchungaji na mwenye kiwanja cha gereji yake, wote katika wiki moja, na hakuna aliyemnunia zaidi ya siku tatu. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye Fundi hakuwahi kumwambia hapana, naye ndiye aliyeingia uani mwa gereji Jumatano ile, saa tatu kasorobo asubuhi, akiendesha pikapu nyeupe ambayo pua yake ilikuwa juu kuliko ilivyokuwa mara ya mwisho ilipoonekana pale.

Alikuwa dada yake, daktari wa mifugo.

Fundi alikuwa amechuchumaa kando ya beseni la maji, akitafuta tundu katika mpira wa trekta. Hakusimama mara moja. Aliitazama pikapu kwanza kwa ubavu, kisha kwa mbele, kisha akafumba jicho moja na kuitazama tena kwa ubavu. Mwenzake wa kazi, jitu la miaka hamsini lililopewa jina la Winchi kwa sababu liliwahi kuinua injini kwa mikono wakati jeki ilipokuwa imeazimwa, halikuhitaji kufumba jicho.

"Shikamoo, Daktari," Winchi alisema. "Hili gari limenusa nini huko juu? Limeinua pua kama limesikia jirani anakaanga kitu."

"Marahaba. Limeinuliwa. Halikuinuka lenyewe."

"Nani kaliinua?" Fundi aliuliza, akisimama.

"Yule wa mjini, mwenye gereji ya vioo."

"Kwa nini hukuja hapa, Dada?"

"Ningekuja hapa ungepima mpaka mwezi wa kumi."

Jambo hilo lilikuwa la kweli, na Fundi alilipokea hivyo. Jina lake la Taratibu hakulipata kwa hisani. Mwaka wa tatu wa kazi yake, alipokuwa bado anafunga matairi kwa kukadiria macho, aliwahi kulivalisha gari la mikate matairi mapana kuliko yake. Tairi moja likawa linagonga mkono wa usukani kila dereva alipokata kulia. Dereva hakurudi kulalamika kwa sababu alikuwa na mikate ya kusambaza. Kwa siku mbili alizunguka mji mzima kwa kukata kushoto tu, na wakazi wa mitaa ya upande wa kulia wakanywa chai kavu. Siku ya tatu mwenye kiwanda cha mikate alikuja mwenyewe, kwa miguu.

Tangu hapo Fundi hakufunga tairi la kipimo kigeni bila kulipaka chaki. Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na vipande vya chaki vilivyobaki vifupi kuliko kidole vilirudi nyumbani mfukoni mwake. Fundi aliisugua chaki kwenye mabega ya tairi, pale ukingo unapokutana na ubavu, akaliendesha gari uani huku usukani umekatwa hadi mwisho, kulia kisha kushoto, mbele kisha nyuma, kisha akapandisha gurudumu moja juu ya gogo ili springi ibonyee. Halafu alilala chali na tochi. Chaki ikiwa nzima, tairi halikugusa kitu. Ikiwa imefutika, alitafuta ndani ya fenda doa jeupe, na doa lilimwonyesha mahali pa ugomvi. Kazi hiyo waliiita kusoma chaki. Matokeo aliyaandika katika daftari la mistari, kila gari na ukurasa wake, na kwa kuwa daftari ndilo lililowakatalia wateja, wateja walilinunia daftari.

Daktari alichukua kiti cha plastiki, akakikagua miguu yote minne, akaketi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne, ameshastaafu serikalini, lakini wafugaji wa bonde la juu walikuwa wamekataa kupokea habari hiyo.

"Nataka makubwa," alisema. "Mia mbili themanini na tano kwa sabini. Na usianze kukuna kichwa."

Fundi aliuondoa mkono wake kichwani.

Pikapu ilitoka kiwandani na matairi ya mia mbili sitini na tano kwa sitini na tano, rimu ya kumi na saba. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu wake, ukihesabiwa kama sehemu ya mia ya upana huo. Ya tatu ni rimu kwa inchi. Kwa tepu ya Fundi, tairi la kiwandani lilisimama sentimita sabini na saba na nusu. Makubwa aliyoyataka Daktari yalisimama themanini na tatu. Katikati yalikuwepo ya mia mbili sitini na tano kwa sabini, yenye upana uleule wa kiwandani na urefu wa sentimita themanini na kitu kidogo. Pale gereji waliyaita ya kati, na hakuna mteja aliyewahi kuyaomba mwenyewe. Mtu hutaka la kiwandani au kubwa. La kati huonekana kama jibu la mtu asiye na msimamo.

Daktari alikuwa na sababu. Mwaka uliopita, katika njia ya bonde la juu, tumbo la pikapu lilikalia jiwe, na matairi ya mbele yakabaki yakizunguka hewani. Alishuka, akaliweka kasha la barafu lenye chanjo kichwani, akatembea kilomita saba. Alipofika, barafu ilikuwa maji na maji yalikuwa vuguvugu. Chanjo zote zilimwagwa shimoni mbele ya wafugaji waliokuwa wamefunga ng'ombe tangu alfajiri. Mwezi uliofuata walikufa ndama thelathini na mmoja. Namba hiyo Daktari aliisema mara moja tu, na hakuna aliyemwomba airudie.

Jumamosi alikuwa anakwenda tena. Ndiyo maana alipeleka gari likawekwe vipande viwili vya chuma juu ya springi za mbele, kila kimoja kinene kama kamusi, mpaka pua ikawa sawa na mkia na hata kuuzidi kidogo. Zilibaki siku tatu za kutafuta matairi.

Fundi aliijua njia ile. Ilipanda kwa kona kumi na nne, upande mmoja mwamba na upande mwingine hakuna kitu. Tairi likipasuka kwenye kona ya tisa au ya kumi, dereva hangekuwa na la kuamua. Na alijua pia kwamba akikataa, dada yake ataondoka kwa adabu, ataagana na Winchi, atakwenda moja kwa moja kwa yule wa mjini, na yule wa mjini atakata bati lolote litakalosimama njiani.

"Tuyajaribu kwanza," alisema.

"Nilijua utasema hivyo. Nimekuja na chupa ya chai."

Ndugu hawa wawili walipishana miaka kumi. Mama yao alipofariki, Fundi alikuwa na miaka tisa na dada mtu kumi na tisa, na tangu wiki hiyo dada ndiye aliyeamua. Aliamua shule, akaamua kwamba kwaya inatosha na aiache, akaamua ufundi. Siku ya harusi ya Fundi alimchagulia viatu vilivyokuwa vidogo kwa namba moja, kwa hoja kwamba ngozi hutanuka. Fundi alivivaa. Katika picha zote za siku ile bwana harusi amesimama kwa mguu mmoja, na wageni waliamini ni mapozi. Hakuna aliyeweza kusema kwamba dada alikosea katika mambo makubwa: shule ilimfaa, ufundi ulimfaa, na hata mke alimtambulisha yeye. Ndiyo maana neno "sawa, Dada" lilikuwa limekaa kinywani mwa Fundi kwa miaka arobaini na mitano kama jino.

Gereji ilikuwa na seti ya matairi makubwa yaliyochakaa, yaliyowekwa kwa ajili ya majaribio tu. Winchi aliyafunga yote manne. Fundi aliyapaka chaki mabega ya mbele, kulia na kushoto, mpaka yakawa meupe kama miguu ya mtu aliyevuka unga. Akaingia nyuma ya usukani. Pikapu ilizunguka ua kwa kukata kulia mpaka mwisho, ikazunguka kwa kukata kushoto, ikarudi kinyumenyume, ikapanda gogo kwa gurudumu la kulia, ikashuka, ikapanda kwa la kushoto.

Fundi alilala chali. Alikaa huko chini muda mrefu. Kutoka juu ilionekana tochi ikihama upande mmoja, ikirudi, ikihama tena.

"Amelala?" Daktari aliuliza.

"Anasoma," Winchi alijibu.

Alipotoka, shati lilikuwa na vumbi mgongoni na uso haukuwa na kitu. Chaki ilikuwa nzima. Yule wa mjini, pamoja na kuinua pua, alikuwa ameshakata plastiki ya ndani ya fenda za mbele, na kwa uaminifu inafaa kusema aliikata vizuri. Hapakuwa na doa popote.

"Haya, inasemaje?" Daktari aliuliza.

"Haijagusa."

"Sehemu yoyote?"

"Sehemu yoyote."

"Basi agiza manne na la spea. Ijumaa nakuja kuchukua gari." Alianza kufunga chupa ya chai.

Fundi alifungua kinywa. Neno lilikuwa tayari. Lilikuwa limeshafika ulimini, na kwa kawaida halikuhitaji msaada wowote kutoka hapo. Lakini alipokuwa chini ya gari kuna kitu kilikuwa kimemkera, kitu asichoweza kukiwekea kidole, na kilikuwa bado kinamkera.

"Hapana, Dada."

Wakati huohuo mashine ya upepo, iliyokuwa ikitetema kwenye kona tangu asubuhi, ilijaa na kujizima. Winchi akaanza kutafuta kila mahali spana ya magurudumu aliyokuwa ameishika mkononi.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Makubwa sifungi."

"Chaki imekubali."

"Imekubali."

"Sasa anayekataa ni nani?"

"Ni mimi."

"Kwa sababu gani?"

"Sijaijua bado."

Mbele ya mtu aliyekaa miaka thelathini na minane akitafuta maradhi ya wagonjwa wasiosema, jibu hilo halikuwa la kujivunia. Daktari alimtazama mdogo wake kuanzia kofia mpaka viatu, kama anayehesabu mbavu.

"Mimi nikimwambia mfugaji, ng'ombe wako ni mgonjwa lakini sijui anaumwa nini, atanifukuza."

"Atakufukuza," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutikisika, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. "Lakini wewe utaondoka?"

Daktari aliifungua tena chupa ya chai, akamimina, akanywa nusu kikombe bila kuharakisha.

"Nakupa mpaka saa sita," alisema. "Ikifika saa sita hujaijua, nakwenda mjini."

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Fundi alileta daftari, akavuta ndoo, akaigeuza na kuikalia mbele ya dada yake.

"Nisimulie safari. Tangu unapoanza kupakia."

"Yote?"

"Yote."

Daktari alisimulia, naye akaandika. Kwanza hupakiwa vyuma vya kibanio, lile zizi jembamba la mabomba linalofungwa na kufunguliwa ili ng'ombe apite mmoja mmoja. Hivyo hukaa mbele kabisa ya bodi, nyuma ya kabini. Kisha pampu ya dawa ya kupe. Kisha kasha la barafu, ambalo hukaa ndani ya kabini na hufungwa mkanda. Wasaidizi wawili, mmoja mnene. Hema. Mtungi wa gesi.

"Na maji," Daktari alisema.

"Maji gani?"

"Ya kuchanganyia dawa. Huko juu hakuna maji. Mapipa mawili."

"Ya lita mia mbili?"

"Kwani kuna mengine?"

"Yanakaa wapi?"

"Nyuma kabisa, mlangoni. Mbele kumeshajaa."

Kalamu ilisimama. Fundi alihesabu kimoyomoyo: maji peke yake ni kilo mia nne, na yote yako nyuma ya ekseli ya nyuma.

"Dada, gari likishapakiwa, umewahi kuliangalia kwa ubavu?"

"Gari likishapakiwa mimi nimo ndani."

Fundi alilifunga daftari. Winchi, ambaye kwa muda wote huo alikuwa ameipata spana na kuipoteza tena, alishatangulia kwenye bomba la maji bila kuambiwa.

Mapipa mawili yalijazwa. Mahali pa kibanio na pampu waliweka mifuko ya mchanga, na mahali pa msaidizi mnene akakaa Winchi, aliyesema kwamba hajawahi kupewa kazi iliyomfaa zaidi. Pikapu ilikaa chini nyuma kama mtu aliyechoka anavyokaa kwenye kochi. Pua ikaelekea mbinguni. Fundi aliwasha taa kwa udadisi tu, na ingawa ilikuwa mchana, mwanga ulionekana ukipiga chini ya paa la gereji, mahali ambapo dereva wa gari linalokuja angekuwa na macho yake.

Kisha akaiendesha kuelekea langoni, palipokuwa na tuta la saruji. Magurudumu ya mbele yalipanda na kushuka bila neno. Ya nyuma yalipopanda na kushuka, palisikika sauti fupi, kavu, kama mtu aliyepitisha msasa juu ya meza mara moja na kujuta.

"Hiyo," Winchi alisema kutoka kiti cha nyuma.

Fundi alishuka na kwenda moja kwa moja kusoma chaki, na hapo ndipo alipogundua kwamba hapakuwa na chaki ya kusoma. Aliipaka mbele tu. Vipande vya chuma viliwekwa mbele, plastiki ilikatwa mbele, usukani unakata mbele, na kwa hiyo watu watatu wenye akili timamu, wawili kati yao wakiwa na jumla ya miaka zaidi ya hamsini katika kazi ya matairi, walikuwa wametumia asubuhi nzima wakilitazama gari usoni. Mtu asiyejua kitu kuhusu magari huenda angeanzia popote. Kosa lile lilihitaji utaalamu.

Alipaka chaki mabega ya nyuma. Akarudia tuta mara tatu. Akalala chali.

Safari hii hakukaa sana. "Dada," aliita kutoka chini, "njoo uone."

Daktari alipiga magoti juu ya kipande cha boksi, akainamisha kichwa. Ndani ya fenda ya nyuma ya kulia palikuwa na mfuto mweupe mrefu kama kiganja, na katikati ya mfuto huo ilichomoza ncha ya boliti inayoshikilia bodi. Ncha ilikuwa nyeupe kuliko kitu chochote kilichoizunguka. Springi za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zilikuwa zimezeeka na kunyooka; mzigo ukizikalia na gari likiruka shimo, tairi kubwa lilipanda kuikuta boliti. Tuta la langoni lilikuwa moja. Njia ya bonde la juu ilikuwa na mashimo ambayo wenyeji waliyapa majina.

Daktari aliigusa ncha ile. Akatazama kidole chake, kilichokuwa na chaki, na akaendelea kukitazama baada ya kuwa ameshakiona.

"Kata boliti," alisema.

"Sikati."

"Yule wa mjini atakata."

"Atakata. Halafu tairi litasugua bati palepale boliti ilipokuwa, na bodi itakuwa na boliti moja pungufu, na wewe utakuwa kona ya tisa."

"Sasa unataka nini?"

"Ya kati. Yanakupandisha juu ya mawe kwa sentimita moja na kitu kuliko ya kiwandani."

"Sentimita moja!"

"Na kitu. Makubwa yangekupa karibu tatu tu, maana tairi likizidi urefu, ekseli hupanda kwa nusu yake. Watu hawapendi kuambiwa hivyo. Tumbo lako lilikalia jiwe kwa sababu ya mkia, Dada, si kwa sababu ya pua. Niongeze bamba moja kwenye kila springi ya nyuma. Nishushe taa. Na mapipa yahamie mbele, kibanio kikae nyuma."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote aliyowahi kumtolea dada yake, ukiacha ile ya harusini, ambayo ilitungwa na dada mwenyewe.

Daktari aliinuka kwa kushikilia fenda. Alijipangusa magoti, la kulia kisha la kushoto.

"Ungesema tangu asubuhi."

"Asubuhi nilikuwa sijui."

"Kuhusu boliti hukujua. Lakini nilipotaja makubwa ulikuna kichwa."

"Uliniambia nisikune."

"Na wewe ukaacha!" Daktari alisema, kwa sauti ambayo Winchi, akiwa bado amekaa mahali pa msaidizi mnene, alihisi kuwa haikuwahusu watu wengine. "Una miaka hamsini na minne. Nikikwambia usikune kichwa, unaacha kukuna kichwa?"

Fundi alifikiri. Swali lilikuwa la haki.

"Ndiyo, Dada," alijibu.

Daktari alikwenda kukaa kwenye kiti chake. Saa ya ukutani, iliyotangulia kwa dakika nne na kila mtu alijua, ilionyesha saa sita kasoro tano.

"Funga ya kati," alisema. "Na si kwa sababu umenikatalia. Ni kwa sababu ya boliti."

"Sawa, Dada."

Alasiri hiyo, nyumbani, Fundi alimkuta mkewe mezani akisahihisha madaftari ya darasa la tatu. Alinawa mikono, akaketi mkabala naye.

"Leo nimemkatalia Dada."

Mkewe aliweka kalamu chini. Alimwangalia usoni, kisha akainama kidogo kuangalia mikono yake.

"Na uko mzima?"

"Nadhani."

"Alisemaje?"

"Alikubali. Lakini si kwa sababu nilimkatalia."

"Ah," mkewe alisema, akachukua tena kalamu. "Basi ni yeye kweli."

Kazi ya springi ilichukua Alhamisi yote na nusu ya Ijumaa. Fundi aliyajaribu matairi ya kati kwa mzigo kamili, chaki mbele na nyuma, tuta mara kumi. Pakabaki nafasi ya kidole kati ya tairi na boliti. Alikipima kidole chenyewe kwa tepu, akaandika. Daktari alipokuja kuchukua gari aliusoma ukurasa wote wa daftari akiwa amesimama, akasahihisha herufi moja, akaondoka.

Jumamosi na Jumapili Fundi hakuwa na kazi ya maana lakini alikwenda gereji siku zote mbili. Jumatatu aliupanga upya ukuta wa matairi chakavu kwa kufuata vipimo, kisha kwa kufuata uchakavu, kisha akaurudisha ulivyokuwa. Winchi alimwacha. Simu za kule juu hazikushika mtandao tangu zamani, na hilo lilikuwa linajulikana.

Jumanne saa nane mchana pikapu iliingia uani, nyekundu kwa vumbi mpaka vioo. Daktari alishuka taratibu, akanyoosha mgongo kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, Dada. Vipi huko?"

"Marahaba. Ng'ombe mia nne na kumi na wawili. Barafu ilibaki barafu."

"Na matairi?"

"Hayana neno."

Fundi alikuwa ameshainama kuelekea fenda ya nyuma, tochi mkononi.

"Halijagusa," Daktari alisema. "Nilichungulia kila tuliposimama. Wasaidizi wangu wanadhani nimepotelewa na kitu."

Fundi alichungulia hata hivyo, upande wa kulia na wa kushoto, na dada yake akamsubiri. Hakuna lingine walilosema kuhusu jambo hilo, si siku hiyo wala wiki zilizofuata, ingawa walionana kila Jumapili na kula meza moja.

Miezi miwili baadaye, asubuhi, pikapu iliingia tena. Daktari hakuzima injini kwanza. Alikuwa na karatasi iliyochorwa kwa penseli, imekunjwa mara nne. Ilikuwa ya tangi la pili la mafuta, litakalofungwa chini ya bodi, upande wa kulia, karibu na bomba la moshi.

Fundi aliipokea, akaikunjua juu ya boneti. Mkono wake mmoja ulipanda kichwani na kuanza kukuna, na hakuna aliyeuzuia.

"Utakataa?" Daktari aliuliza.

"Sijalala chini kuangalia."

"Sikuuliza kama umelala. Nimeuliza kama utakataa."

Fundi aliutazama mchoro wa penseli, akalitazama bomba la moshi.

"Nadhani nitakataa, Dada."

"Haya," alisema dada yake, akazima injini, akavuta kiti cha plastiki na kukaa bila kukikagua miguu. "Anza na sababu."

Fundi alisema sababu yenyewe hakuwa nayo bado. Daktari alifungua chupa ya chai, akamimina vikombe viwili.